Pumzi ya Baba kwenye Albamu ya Elia

Alhamisi, Julai. Soni. Ukungu tangu alfajiri, na baridi ya kukunja vidole.

Saa saba mchana imepita na jua halijaonekana. Nimekaa juu ya gunia la karoti bandani kwangu, simu mkononi, shali mabegani. Akina mama wanaonisaidia kupanga mboga nimewaambia waende wakale mapema, nikasingizia kichwa kinauma. Kichwa hakiumi. Nilitaka tu kubaki peke yangu.

Nyinyi mnaonisoma hapa kwenye blogu yangu ya jazi mnasubiri maoni yangu kuhusu albamu inayotoka kesho, *Ukungu wa Saa Nne*. Nimewaahidi tangu Mei. Niliringa hata, nikaandika kwamba mimi nimeshaisikia yote na nyinyi mtasubiri kama watu wengine.

Leo sina maoni. Nina uamuzi wa kufanya, na nina muda mpaka saa kumi alasiri.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana hata mimi mwenyewe nahitaji kujieleza. Albamu ni ya Elia, mpiga saksafoni wa Lushoto mjini, mtu wa miaka thelathini na minne. Wazazi wake walikuja kutoka Njombe kuchuma chai, wakabaki huku huku. Albamu hii ameitengeneza kwa miaka miwili, kwenye chumba cha kupanga njia ya kwenda Magamba, kuta ametundika magodoro yaliyochoka ili kelele ya mvua kwenye bati isiingie kwenye rekodi. Ina vipande vinane. Ni jazi kweli kweli, ile ya kutafuta njia huku unatembea, lakini dramu zina mwendo wa ngoma ninazozijua tangu utotoni.

Mimi albamu mpya naisikiliza mara tatu kabla sijaandika neno. Mara ya kwanza nikipanga karoti, mara ya pili njiani, mara ya tatu nimekaa tu sifanyi kitu. Nyingi hazifiki mara ya pili. Ziko nyingi siku hizi, kila Ijumaa zinamwagwa kama kabichi za msimu, na nusu yake ni watu wanaoonyesha vidole vyao vina mbio kiasi gani. Hii ya Elia nimeirudia mpaka nimeacha kuhesabu.

Na kwenye kipande cha nne, anayepiga si Elia. Ni baba yangu.

Baba amefariki. Jumapili hii tunasoma arobaini yake nyumbani Malindi, kijiji chetu huku huku Lushoto, si ile ya pwani, na mama yuko edani.

Hapo ndipo shida ilipo.

Baba alipokuwa kijana alipiga saksafoni kwenye bendi ya wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Bumbuli. Bendi ilijiita Jazz, kama zilivyojiita karibu zote enzi zile, japo walichopiga ni rumba na dansi la Jumamosi jioni. Jazi yenyewe mimi nilikuja kuijua ukubwani, kwanza kwenye redio, baadaye kwenye simu. Siku niliyomsikilizisha baba kwa mara ya kwanza, alitulia mpaka mwisho, kisha akasema, "Hawa wanapiga kile tulichokuwa tunapiga sisi watu wakishaenda nyumbani." Nilicheka. Baadaye nikaona amelisema kwa sentensi moja jambo ambalo mimi nimelizunguka kwenye makala ishirini.

Bendi ilikufa, baba akarudi kwenye viazi na kabichi. Saksafoni ikaenda darini juu ya jiko, ndani ya gunia. Na miaka yake kumi na miwili ya mwisho alikuwa mwadhini wa msikiti wetu. Alikuwa na kifua ambacho watu wa bonde la pili walikitegemea kuliko saa ya ukutani. Hakuwa na ugomvi na muziki, wala hakuwahi kutuzimia redio. Alisema tu kwamba kifua ni kimoja, na yeye ameshachagua.

Februari mwaka huu Elia alinijia hapa bandani. Alikuwa amesikia kwa wazee wa chai kwamba kulikuwa na wimbo usio na maneno ambao baba alikuwa akiupiga kufunga dansi, akawa anautaka kwa ajili ya albamu. Nilimpeleka Malindi. Baba alikataa. Wiki mbili baadaye, bila kutupigia simu, akateremka mwenyewe na gunia begani, akasema nimwite Elia, atamwonyesha mara moja tu.

Alipigia hapa hapa nilipokaa. Magunia ya karoti yanameza mwangwi vizuri kuliko magodoro ya Elia. Elia aliwasha kinasa sauti ili asisahau, na baba akaona kinawashwa, sitaki kusema kwamba hakuona. Akafuta saksafoni kwa kanga yangu, akajaribu vitufe, vingine vilikuwa vinavuja. Akapiga dakika nne na kidogo.

Kuna mahali, kabla ya sauti ndefu ya mwisho, anavuta pumzi. Inasikika wazi. Mtu yeyote aliyeswali kwetu ataijua pumzi hiyo, maana ndiyo aliyokuwa akiivuta kila siku kabla ya kuadhini.

Alipomaliza alimgeukia Elia. "Umeiona njia? Sasa pita wewe."

Na mimi, wakati namsaidia kufunga gunia, aliniambia, "Mwajuma, mimi yangu imeishia hapa."

Elia alijaribu kupita. Alijaribu Machi yote na Aprili yote. Mwezi wa tano alinipigia simu, sauti imemnyauka, akasema, "Dada, mimi siipati. Naomba nitumie ile ya mzee." Baba wakati huo alikuwa ameshalala kitandani, mapafu yamemkamata.

Nikamwambia Elia tumia.

Sikumuuliza baba.

Nafasi nilikuwa nayo. Kila Jumapili nilipanda Malindi nikamnywesha uji kwa kijiko, tukaongea bei ya pilipili hoho, tukaongea mvua, tukaongea majirani waliooa na walioachana. Sentensi moja tu ingetosha. Sikuisema kwa sababu nilijua atasema hapana, na mtu haulizi habari ya mlango asiotaka ufungwe. Hili sijamwambia mtu yeyote. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Jumatatu wiki hii Elia aliweka sekunde thelathini za kipande hicho kwenye stetasi yake ili watu wapate hamu. Ni kosa lake na ni kosa langu, maana alinionyesha kwanza na mimi nikaiona nzuri. Sekunde hizo zilizunguka kwenye simu za watu mpaka zikamfikia Mzee Luka, aliyefanya kazi na baba kwenye chai. Mzee Luka ni mtu mwema. Jumanne akapanda gari mpaka Malindi na kilo mbili za sukari, kumpa mama pole na hongera kwa pamoja. Akasema mbele ya wanawake waliokuja kumtazama mama, "Hasani wako huyu, hata kaburini anapuliza!"

Alidhani anamfariji.

Jana Jumatano mama aliniita. Nilimkuta chumbani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, amekonda. Nilimwamkia, akaitika, akawaomba wageni watupishe. Aliongea Kishambaa mwanzo mpaka mwisho, na mama akiacha Kiswahili kabisa ujue hakuna mzaha. Naandika kwa Kiswahili ili mnielewe.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

"Alisema itoke?"

Nikaanza kueleza. Nikamwambia jinsi ilivyo nzuri, jinsi watu wa mbali watakavyomjua, jinsi Elia anavyomheshimu. Nina maneno mengi mimi, mnanijua. Mama aliniacha nimalize.

"Sijakuuliza kama ni nzuri. Nimekuuliza, alisema itoke?"

"Hakusema."

Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo inagonga ukuta wa tangi.

"Pumzi ile imewaita watu kwenye sala miaka kumi na miwili," akasema. "Leo mnaipeleka ikakae baa, na mimi niko eda, na Jumapili tunamsomea. Nyinyi mtawasha, mtasikia raha, mtazima. Yeye ndiye anayeulizwa kule aliko. Mwambie huyo Elia aiondoe kwenye albamu. Na wewe uifute kwenye simu yako, isije ikatoka siku nyingine mimi nimeshakufa."

Mnajua kwetu wako watu wanaoamini hivyo, kwamba muziki wa marehemu ukipigwa huku, kule anaandikiwa dhambi. Ziko familia zilizokwenda redioni kuomba nyimbo za baba zao zisipigwe tena. Mimi si mwanachuoni, siwezi kusema ni kweli wala si kweli. Ninachojua ni kwamba mama anaamini, na kwamba kila usiku tangu Jumanne anamfikiria mumewe akiulizwa kwa ajili yangu.

Mwaka jana niliandika hapa kwa hasira juu ya familia moja ya ughaibuni iliyozificha kanda za marehemu wao mpiga tarumbeta. Niliwaita wachoyo. Niliandika kwamba muziki wa marehemu si shamba la ukoo, hauna wa kuuwekea mipaka. Makala ile mliipenda kuliko zote, wengine mpaka leo mnaitumiana. Nimeisoma tena asubuhi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa naandika juu ya watu ambao jikoni kwao sijawahi kuingia.

Asubuhi pia nilimpigia Elia, nikamweleza yote.

"Dada," akasema, "wasambazaji wamenipa mpaka saa kumi leo kubadilisha. Ikipita hapo, imetoka. Ukisema nikitoe nitakitoa. Lakini wewe ndiye uliyeniambia nitumie, kwa hiyo wewe ndiye useme. Usijifiche nyuma ya mama."

Ana haki. Ndiyo maana imeniuma.

Saa tisa kasoro.

Akina mama wamerudi, wanapanga karoti, wananiangalia kwa pembe ya jicho. Nimeweka spika za masikioni nikajifanya napiga hesabu. Nimesikiliza albamu yote bila kuruka.

Sitawadanganya kwa kusema kipande cha nne kinaweza kutolewa na albamu ikabaki ilivyo. Cha tatu kinaisha dramu zikipunguza mwendo, zinampisha mtu. Halafu baba anaingia peke yake, hana besi, hana kinanda, ana hewa inayovuja kwenye vitufe na kile kifua. Halafu cha tano kinaanza Elia akijibu sauti ya mwisho ya baba, taratibu, kama anayemwamkia. Ukimwondoa baba, Elia anaamkia ukuta. Kazi ya miaka miwili itakuwa na shimo katikati, na wasikilizaji watahisi kuna kitu hawajapewa bila kujua ni nini.

Na nimejiuliza tena na tena, namtetea nani? Nasema jazi. Nasema historia, nasema bendi za chai zilizokufa bila rekodi hata moja. Yote ni kweli. Lakini kwenye simu yangu kuna rasimu ya maoni ya albamu hii, nimeiandika tangu Juni, baba akiwa bado hai, na sentensi yake ya kwanza ni: "Anayepiga kipande cha nne ni baba yangu mzazi."

Nilitaka mjue. Basi. Miaka sita naandika juu ya jazi nikiwa muuza karoti wa Soni, na kila mara yuko mtu anayeniuliza kwenye maoni nimeijulia wapi. Nilitaka safari hii mnyamaze. Baba alikuwa anakohoa chumba cha pili na mimi natunga sentensi ya kujisifia naye.

Naona aibu kuiandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Adhana ya alasiri imeanza wakati naandika hapo juu. Mwadhini wa hapa Soni ni kijana, sauti nzuri, ila anapumua juu juu na kukata maneno kabla hayajaisha. Nimejikuta nasubiri pumzi ambayo haikuja. Nimetoka nje ya banda nikasimama kwenye matope mpaka alipomaliza. Nimelia kidogo. Akina mama wamejifanya hawaoni, Mungu awalipe.

Nikampigia Elia saa kumi kasoro dakika kumi.

"Kitoe," nikasema. "Ni mimi ninayesema."

"Sawa, dada." Kisha: "Na cha tano je?"

"Kiache."

Alikata simu bila kuaga. Elia huwa haagi chini ya mara tatu. Dakika chache baadaye alinitumia orodha mpya ya albamu, vipande saba, bila neno lolote. Sijui kama bado ni rafiki yangu. Sijui kama mimi ningekuwa rafiki yake kama ningekuwa yeye.

Halafu nikampigia mama. Mama mdogo alipokea, akampelekea simu chumbani.

"Shikamoo mama. Kimetolewa. Hakitatoka."

"Marahaba. Alhamdulillah." Nilimsikia akishusha pumzi. "Na kwenye simu yako?"

"Nimeifuta."

Nilidhani amemaliza, nikawa natafuta neno la kuagia. Kisha akauliza, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake:

"Ilikuwa nzuri?"

Jana aliniambia hajaniuliza hilo. Leo ameniuliza.

"Ilikuwa nzuri sana, mama."

"Ule wa kufungia dansi?"

"Ule ule."

"Mimi nilikuwa siruhusiwi kwenda klabu, nilikuwa mchumba wa watu," akasema. "Nilikuwa nasimama nyuma ya ghala la chai mpaka aupige ule, ndipo nijue anatoka. Sijausikia tena tangu wewe uko shule ya msingi." Nikamsikia akijisogeza mkekani. "Haya. Umefanya vizuri kufuta. Hongea, mwanangu." Ndiyo asante ya Kishambaa.

Na akakata.

Sijafuta.

Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Rekodi iko hapa, kwenye simu hii hii ninayoandikia. Nilifika mpaka pale simu inapouliza una hakika, kidole kikagoma, nikasema nitamwambia mama nimefuta na nitafuta baadaye. Nimemdanganya mama yangu akiwa edani, wiki ya arobaini ya mume wake, na akanishukuru kwa uongo huo. Na sasa hata nikitaka kumwambia, mama, njoo uusikie mara moja, siwezi, kwa sababu nimeshasema haupo.

Huenda asingetaka kuusikia. Huenda alikuwa ananiuliza ili kunifariji mimi, nisione nimepoteza kitu bure. Huenda alikuwa anaaga. Tangu saa kumi nageuza yale maneno yake na kila nikigeuza yanatoka tofauti. Ninachoona ni kwamba nimefanya tena kile kile: niliogopa jibu la baba, nikaamua badala yake. Leo nimeamua badala ya mama.

Shajara hii siiweki hewani leo. Yuko mtu mmoja wa kuisikia kabla yenu.

Jua limezama bila kuonekana siku nzima. Nimefunga banda. Kesho albamu itatoka, vipande saba, na nyinyi mtaisikiliza na kuanza kuuliza mbona cha tatu kinaisha vile. Msinisubiri. Alfajiri napanda gari la kwanza la Malindi. Nitamwamkia mama, nitakaa chini kwenye mkeka, nitaweka simu kati yetu, na nitamwambia nimekudanganya, bado ninayo. Akisema nifute, nitafuta huku ananiangalia. Akisema neno jingine lolote, nitafanya hilo.

Sijui atasema nini. Safari hii nauliza kwanza.